Kuuza ukili na vinyago kwenye tamasha la ngoma: meza yako, meza ya ubia au mali kauli?

Msusi wa Mikindani: Habari zenu, ndugu zangu. Mimi husuka mikoba na mikeka ya ukindu, na mume wangu huchonga mpingo. Tunakusudia kupeleka kazi zetu kwenye tamasha la MaKuYa hapa Mtwara, ambako ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao huchezwa, na mapiko, yaani vinyago vya ngoma vya Wamakonde, hutoka yakiwa yamevalishwa kikamilifu. Je, tukodi meza peke yetu, tuchangie na wenzetu, au tumwachie mwenye duka mali kauli, atulipe akishauza?

Mchongaji wa Masasi: Dada, meza ya peke yangu niliijaribu na sitairudia. Lipiko likitoka, hakuna anayetazama bidhaa. Ngoma ikipumzika, watu hukujia wote kwa mkupuo, na mikono miwili haiwezi kufunga mzigo, kupatana bei na kutafuta chenji kwa wakati mmoja. Mkiwa watatu, mmoja hubaki na fedha tu. Kivuli pia msikisahau, kwa sababu mpingo uliozoea kukaa ndani ukianikwa juani hupasuka, na mteja akiuona ufa huanza kutaja nusu ya bei.

Mama wa Ng'apa, Lindi: Mali kauli mimi iliniumiza. Duka moja lilikaa na mikeka yangu miezi minne, kisha nikarudishiwa miwili iliyotafunwa na panya pamoja na fedha pungufu. Afadhali Nane Nane pale Ngongo, ingawa wageni wake hufuata mbegu na mifugo: mkeka wa kulalia wataununua, kinyago watakishika na kukirudisha. Isitoshe, mwezi wa Agosti fedha za korosho bado hazijaingia, kwa kuwa minada huanza kwenye Oktoba, kwa hiyo pelekeni vitu vidogo vingi kuliko vikubwa vichache.

Mzee wa Newala: Wanangu, mmezungumzia meza, lakini hamjasema kitakachowekwa juu yake. Lipiko la kuchezea huchongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa kichwani kama kofia, na mchezaji huonea mdomoni mwake. La mpingo ni pambo, kwa maana uzito wake hauchezeki. Anayemwambia mgeni kwamba pambo lake limetoka jandoni anadanganya, na mteja wa namna hiyo akigundua huwaambia wenzake kwamba meza nzima ni ya uongo. Lililochezwa kweli msilianike mbele ya watoto ambao hawajaingia jandoni, maana kwao lile si mtu aliyevaa kinyago.

Msusi wa Mikindani: Shikamoo mzee, hilo la mwisho nitalifikisha kwa mume wangu leo hii, kwani ana moja la babu yake ambalo alitaka liwe la kuvutia wateja. Tutachangia meza. Mkeka wa kulalia utabaki mmoja tu, wa kuonyesha, na atakayeutaka atatoa oda. Nafasi iliyobaki itakuwa ya mikoba, vikawa na vinyago vya kiganjani. Mchongaji, turubai lako tunaweza kuliazima?

Mchongaji wa Masasi: Lipo, ila lina tundu upande mmoja. Wekeni mikoba huko, mpingo ukae katikati.