Majitaka ya bweni na Mto Lukuledi, wakuu naomba ushauri kabla hatujachimba

MwanaLukuledi:
Wakuu habari za leo. Niko kijijini huku Lindi, pembeni kabisa ya Mto Lukuledi, ni mjumbe wa kamati ya shule. Tuna bweni la wanafunzi 80, shimo lake limejaa tangu masika, yani mvua ikipiga tu maji meusi yanachuruzika hadi njia ya mtoni. Gari la kunyonya halifiki. Sasa kaja kontrakta anasema tulaze bomba limwage moja kwa moja mtoni, eti mkondo utasafisha wenyewe, na bei yake ndogo ndo maana baadhi ya wazee wameanza kukubali. Mimi roho inakataa kabisa, maana kiangazi akina mama wanachimba visima kwenye mchanga hapohapo chini na watoto wanaoga na kuvua kambale. Tufanyeje jamani, njia ambayo kijiji kinaimudu?

FundiKaro:
Usikubali hilo bomba mkuu. Watoto 80 kila mmoja ndoo mbili za lita 20 ni lita 3,200 kwa siku, jenga karo, yani tangi la majitaka, la vyumba viwili la lita kama elfu kumi, maji yakae siku mbili tatu tope lizame mafuta yaelee. Yakitoka yaingie bwawa la kokoto lenye matete, kina sentimita 60 hivi, chini kandika mfinyanzi au tandika nailoni nzito. Maji yapite CHINI ya kokoto yasionekane juu, hata mbu hapati pa kutagia. Vijidudu vya kwenye mizizi na kokoto ndo vinakula uchafu. Ila usiruke karo, ukipeleka kinyesi moja kwa moja kokoto zitaziba mapema sana.

DadaAfya:
Mdogo wangu kumbuka kichocho. Mkojo na kinyesi vikifika kwenye maji yenye konokono wanaobeba kichocho, mtoto akiingia kuoga anatoka na ugonjwa. Halafu sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, na kwa usalama pimeni toka pale maji yanapofika mto ukifurika, sio pale yalipo sasa hivi. Na msimwage klorini kwenye karo kuondoa harufu, mnaua vijidudu vinavyofanya kazi.

Mnachingwea:
Fundi hapo natofautiana na wewe. Karo likijaa tope baada ya miaka kadhaa nani atanyonya wakati gari halifiki? Wajenge vyoo vya mashimo mawili, moja likijaa wanafunga wanahamia la pili, lile la kwanza likae hata miaka miwili mayai ya minyoo yafe, wakifukua ni mbolea ya mikorosho. Maji ya kuogea na kufulia tu ndo yaende kwenye matete.

FundiKaro:
Kwa bweni lisilofikiwa na gari nakubali, hiyo ni bora. Ila chimbeni kwanza shimo la kupima, mkikuta maji karibu msijenge hapo.

Mzee Pwani:
Hao wazee waambie habari ya Mto Thames kule London. Ulikuwa na samaki aitwaye samoni, majitaka yakamwagwa humo, uchafu ukioza unakula hewa ya majini samaki anakosa pumzi, toka 1833 hadi 1974 hakupatikana samoni hata mmoja. Na ule mto una maji mwaka mzima, sasa huu wetu unaokauka?

MwanaLukuledi:
Shikamoo mzee, asanteni sana wote. Leo tumechimba, upande wa mto mita moja na nusu tu maji haya hapa, juu kwenye mikorosho tumefika mita tatu pakavu. Jumamosi napeleka kwenye mkutano wa kijiji, michango tukusanye korosho zikianza kuuzwa. Fundi, matete yaanze na majitaka au maji ya kawaida?

FundiKaro:
Ya kawaida kwanza. Yakishachipua vizuri ndo mfungulie ya bweni, kidogo kidogo.