Babu alikuwa kuruta mwaka 1978: nimuulize nini kuhusu kambini?

Mjukuu:
Shikamooni wakubwa. Babu yangu aliingia jeshini Novemba 1978, muda mfupi baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga Idi Amin wa Uganda tunavyo. Habari za mapigano ya Lukaya, kule Uganda, na za kuingia Kampala anazisimulia vizuri, na nimeanza kumrekodi kwa simu. Nikigusia kambi ya mafunzo anajibu, "Tulifundishwa, basi," halafu anabadilisha mazungumzo. Mliopitia wakati ule, maisha ya kuruta yalikuwaje? Na nimuulize nini ili afunguke?

Mgambo Mstaafu:
Marahaba mjukuu. Usimuulize "maisha yalikuwaje", hata mimi swali hilo lingenifunga mdomo. Muulize habari za miguu yake.

Mimi nilitokea mgambo. Kijijini tulikuwa tukifanya gwaride kwa bunduki za mbao, nikajiona askari. Kambini viatu viligawiwa kwa foleni, anayefika anapewa kilichopo juu. Vyangu vilikuwa vikubwa, vya kijana aliyekuwa nyuma yangu vilimbana, tukabadilishana usiku ule ule, na tangu hapo hatukuachana. Alfajiri mchakamchaka, na lazima uimbe. Ukinyamaza, afande anajua pumzi imekata, anakuongezea mzunguko. Malengelenge yakipasuka tunafunga vitambaa, kesho tena. Tuliona ni mateso ya bure. Baadaye, kutoka Mutukula mpakani kwenda mbele, wengi wetu tulitembea kwa miguu na mzigo mgongoni, ndipo nikaelewa.

Kuruta wa wakati wa amani hupewa miezi ya kujifunza kwata mpaka inyooke. Sisi tulifundishwa kugeuka, kupiga saluti na kutii amri, basi, tukaingia kwenye silaha. Bunduki ya SMG tuliifungua na kuifunga mpaka tukaweza tukiwa tumefumba macho. Risasi za shabaha zilihesabiwa, na maganda tuliyaokota na kuyarudisha. Muda uliobaki tulichimba. Kuchimba, mjukuu wangu! Sajini wetu alikuwa akiingia mwenyewe kwenye handaki lako na kuchuchumaa. Kofia yake ikionekana, unarudi kwenye sepetu. Usiku kuna lindo, na anayesahau neno la siri anaionja fatiki, yaani adhabu ya kazi ngumu, ya siku nzima. Yule sajini nilimchukia sana wakati ule. Leo namwombea.

Kitu kimoja hawakuweza kutufundisha, nacho ni mlio. Nilikuwa Brigedi ya 201, ambayo karibu wote tulikuwa mgambo. Machi 1979 pale Lukaya, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walipotumiminia roketi za Katyusha, nyingi zilipita juu ya vichwa vyetu, lakini mlio wake peke yake ulitosha. Watu walivunja safu, tukarudi nyuma. Brigedi ya 208 ikazunguka, na siku iliyofuata tukashambulia tena, mji ukarudi mikononi mwetu. Nimesikia vijana wakisema mgambo walikuwa waoga. Inaniuma. Yule mtu majuzi tu alikuwa shambani kwake, kambini amefyatua risasi za kuhesabika, na hajawahi kusikia hata kombora moja. Halafu kesho yake akarudi pale pale alipokimbia. Huyo unamwitaje mwoga?

Binti wa Askari:
Shikamoo mzee, na asante. Marehemu baba naye hakusema mengi ya kambini, ila barua alizisimulia. Kwenye hanga lao, yaani bweni la askari, waliojua kuandika walikaa na taa ya chemli wakiwaandikia wenzao. Wengine walikuwa wamejifunza kusoma majuzi tu kwenye kisomo cha watu wazima, na kuandika kulikuwa bado kunawasumbua. Baba aliandika barua za wake za watu, akajua nani ana mtoto mgonjwa na nani anadaiwa ng'ombe wa mahari. Kutaja mahali walipo ilikatazwa. Mjukuu, muulize babu nani alimwandikia, au yeye alimwandikia nani.

Mjukuu:
Nimemuuliza miguu. Jamani! Kaongea mpaka chakula kikapoa. Anasema alipewa viatu viwili vya mguu wa kushoto, akaogopa kurudi stoo, akavivaa hivyo hivyo mpaka mkufunzi alipomwona anachechemea kwenye kwata. Swali la barua hakulijibu, lakini aliniomba nisizime simu, akanitajia majina ya wenzake wa sekisheni mmoja mmoja. Nimeyaandika yote. Anauliza, mzee ulifanyia mafunzo kambi ya upande gani?

Mgambo Mstaafu:
Kambi sitaitaja hapa. Nitumie ujumbe wa faragha na hayo majina, niyasome polepole. Huenda yumo ninayemfahamu.