Walituuzia bahari ya kaskazi, wakatupeleka na kusi, sasa wanasema ni "hali ya hewa isiyotarajiwa"

Wadau, uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Nimengoja wiki tatu nikitumaini kampuni iliyotuuzia safari ya meli itanijibu kiungwana. Jana nimepata barua pepe yao ya mwisho: hawarudishi hata shilingi. Jina lao sitaliweka hapa kwa sababu shauri linaelekea mahakamani, na sitaki wapate upenyo wa kusema nimewachafua. Nitasimulia tu yaliyotupata.

Mama yangu ana miaka 71. Ni mzaliwa wa Faza, kisiwani Pate, na tunakaa naye South C, Nairobi, tangu baba afariki. Babu, baba yake mama, alikuwa nahodha wa jahazi. Alishuka na kaskazi, upepo utokao kaskazini, hadi Rufiji na Kilwa, akapakia boriti za mikoko, akangoja upepo ugeuke, kisha akapanda na kusi, upepo utokao kusini, kurudi Lamu. Mama alilelewa na hadithi za Kilwa. Anajua jina la Husuni Kubwa, kasri la kale la Kilwa, tangu hajajua kusoma. Anajua kwamba msikiti mkuu wa pale una kuba nyingi na kwamba baba yake aliswali rakaa mbili ndani ya yale magofu kila alipofika. Yeye mwenyewe hajawahi kufika. Nilijiwekea nadhiri nimpeleke kabla magoti yake hayajakataa ngazi za boti.

Mwezi wa pili nikaona tangazo. Meli ndogo, abiria 60, siku kumi kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam, kupitia sehemu ambazo meli kubwa haziingii: Kisite, Misali, Unguja, Mafia, Songo Mnara (kisiwa cha magofu jirani na Kilwa) na Kilwa Kisiwani. Abiria wanashushwa ufukweni kwa boti za mpira. Picha ya mbele ilikuwa papa potwe amefungua mdomo, kando yake mtu anaogelea, na maji yametulia kama yamo kwenye beseni. Watu wawili, shilingi 1,340,000. Nusu nilikuwa nimeiweka akiba, nusu ni mkopo wa sacco ambao bado nakatwa kwenye mshahara.

Nilimchukua mama tukaenda ofisini kwao Westlands kulipa. Tafadhali lisomeni hili kwa makini, maana ndilo kiini cha malalamiko yangu. Dada wa mauzo alipotaja tarehe za Julai, mama alinyanyua uso akauliza, "Mwanangu, mwezi wa saba si kusi huo?" Yule dada akasema, "Usijali mama, meli yetu ni ya kisasa, ina vidhibiti vya mawimbi, hutasikia kitu." Mama akauliza tena, "Na huyo potwe mwezi wa saba yupo?" Akajibiwa, "Yupo, mama, Mafia wapo mwaka mzima." Nilikuwepo. Nililipa baada ya majibu hayo. Mama alinitazama lakini hakusema tena, kwa sababu aliona nimeshafurahi.

Kwa wenzangu wa bara ambao hawajui, upepo wa pwani yetu si bahati nasibu. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi huingia Aprili na kuendelea hadi Septemba, na ukali wake ni Juni, Julai na Agosti. Katikati kuna maleleji, upepo unapogeuka na bahari kupumzika. Biashara yote ya majahazi kati ya Uarabuni, Bara Hindi na pwani hii ilijengwa juu ya kalenda hiyo kwa karne nyingi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliletwa na pepo hizi hizi. Juu ya hayo, mkondo wa bahari huku kwetu unaelekea kaskazini, na kusi huuongezea nguvu. Kwa hiyo meli inayotoka Mombasa kwenda Kilwa mwezi wa Julai inapambana na upepo na mkondo kwa pamoja, njia nzima, zaidi ya kilomita 500. Babu yangu hakuwa na injini wala setilaiti, na hakuna siku angeanza safari ya Kilwa mwezi wa saba.

Injini inaweza kushindana na kusi, sawa. Boti ya mpira iliyobeba wazee kumi, ikijaribu kunasa ngazi ya meli inayopanda na kushuka, hiyo ni habari nyingine.

Siku ya kwanza, Kisite ikafutwa. Mawimbi. Kuvuka kwenda Pemba nusu ya abiria walikuwa wamelala vyumbani na vikombe vya kutapikia. Misali, nakiri, ilikuwa nzuri. Kiko upande wa magharibi wa Pemba, Pemba yenyewe inakikinga, maji yalikuwa safi na mama alishuka akatembea mchangani kwa saa nzima. Ile ndiyo siku pekee niliyoona thamani ya pesa yangu. Kisha Unguja, ambako ratiba ilisema usiku mmoja, tukakaa siku tatu "tukingoja bahari itulie". Jamani, Unguja! Kutoka Nairobi kwa ndege ni mwendo wa saa moja na nusu. Hakuna anayechukua mkopo wa sacco kwenda kukaa ndani ya meli bandarini Unguja akitazama feri za Dar zikiingia na kutoka.

Mafia tulitia nanga nje ya Kilindoni, tukashuka saa mbili tu. Papa potwe hakuna. Pale gatini mvuvi mmoja alimwamkia mama shikamoo, akamuuliza tumekuja kutafuta nini, na mama alipomwambia akasikitika kweli kweli: "Bibi, potwe njooni mwezi wa kumi na moja." Hukaribia ufuo wa Kilindoni kufuata planktoni, vijidudu vya majini, kati ya Oktoba na Machi. Kila mvuvi wa pale analijua hilo, kila mwongoza wageni wa Mafia analijua. Usiku huo tukaonyeshwa picha za papa potwe kwenye ukuta wa chumba cha kulia.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kusi ina vyake. Miezi hii nyangumi hupanda kutoka bahari ya barafu kuja kuzalia maji ya kwetu, na asubuhi moja kusini mwa Mafia tulimwona mmoja akiruka mzima mzima nje ya maji. Mama alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Kisiwani Juani, ng'ambo tu ya Mafia, mayai ya kasa huanguliwa Juni hadi Septemba. Wangeuza hivyo! Wangesema ukweli, "Ni kusi, bahari chafu, lakini kuna nyangumi na kasa," na watu wangenunua wakijua. Juani haikuwemo hata kwenye ratiba. Waliichukua ratiba ya Januari wakabadilisha tarehe.

Sasa Kilwa.

Tulifika tumechelewa siku mbili kwa sababu ya Unguja. Usiku wa kabla yake mwezi ulikuwa mpevu, na kwenye chakula cha jioni kiongozi wa msafara akatangaza kwamba tutashuka Songo Mnara saa tatu na nusu asubuhi. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Hawashuki hao. Kesho bamvu, saa nne maji yako mbali." Watu wa pwani wananielewa: siku za mwezi mpevu, maji kwetu hupwa sana saa nne kwenda saa tano, hujaa saa kumi jioni. Songo Mnara unaingilia kwenye mikoko, na maji yakitoka kinachobaki ni tope. Asubuhi boti ya kwanza ikaenda, ikakwama, ikarudi. Tangazo likatoka kwenye spika: Songo Mnara imefutwa kwa sababu ya "hali ya bahari".

Kupwa na kujaa kwa maji kunaandikwa kwenye majedwali mwaka mzima kabla. Mwanamke wa miaka 71 alilijua kwa kutazama mwezi akiwa mezani na sahani ya wali.

Tukasogea Kilwa Kisiwani. Tukasimama nje. Kiongozi akasema muda hautoshi, lazima tuondoke saa saba mchana kuwahi Dar. Ndege yetu ya kurudi Nairobi ilikuwa saa mbili usiku siku ya pili yake! Na kurudi kaskazini upepo uko mgongoni. Nilimuuliza mbele ya abiria wote: kwa nini tusingoje maji yajae, tukashuka saa tisa, tukaondoka magharibi? Hakunijibu. Nikamuuliza kibali cha kutembelea magofu, kile kinachochukuliwa pale Kilwa Masoko kabla ya mgeni kuvuka, kiko wapi nikione. Akaniambia hayo ni mambo ya ofisi.

Na wakati anasema hayo, mashua ilikuwa inapita mbele yetu. Mashua ya tanga, ina akina mama watano na magunia na kuku, inatoka Masoko kwenda Kisiwani. Ni kama kilomita mbili tu. Ikafika, wakashuka, wakapanda kijijini kwao. Mama akaomba, kwa adabu kabisa, aitiwe mashua kama ile atalipa mwenyewe. Akaambiwa bima hairuhusu.

Basi mama yangu aliiona Kilwa kwa darubini ya kuazima. Lile Gereza, yaani ngome ya kale, liko ufukweni, linaonekana vizuri kutoka baharini. Msikiti hauonekani. Husuni Kubwa haionekani. Alisimama pale kwenye reli hadi meli ilipogeuka, kisha akateremka chumbani na hakuja kula. Nyuma yangu mhadhiri waliyemleta kutoka nje alikuwa akiwaeleza wageni habari za "mji uliopotea". Umepotea vipi, na wale akina mama na kuku wao wametoka kushuka mbele ya macho yetu? Kilwa Kisiwani kina watu. Kipo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981, kikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, kikaondolewa 2014 baada ya kazi kubwa iliyofanywa pale. Kilikosa kuonwa na sisi tu, tuliolipa.

Najua kuna watakaoniambia safari za meli ndogo ndivyo zilivyo, ratiba hubadilika, na nahodha ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu usalama. Sipingi hata kidogo. Nahodha akisema mawimbi ni makubwa, nakaa chini. Simlaumu nahodha. Nawalaumu waliokaa Westlands mwezi wa pili wakiwa na kalenda mbele yao. Mkataba unasema hawawajibiki kwa "hali ya hewa isiyotarajiwa". Kusi mwezi wa Julai ni isiyotarajiwa na nani? Ingekuwa kimbunga, ningenyamaza. Hawakupatwa na dharura yoyote. Waliuza kitu wakijua hakipo, mteja akawauliza waziwazi, wakamwambia kipo.

Walichonipa ni vocha ya asilimia kumi kwa safari ijayo. Nikatazama tarehe za safari hiyo ijayo: mwezi wa saba.

Nilichofanya hadi sasa. Nimepeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni za safari chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Nimeandaa madai ya shilingi 670,000, nusu ya nilicholipa, kwa Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Mahakama hiyo inasikiliza madai yasiyozidi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria yake ya 2016 inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Hoja yangu inasimama juu ya Kifungu cha 46 cha Katiba: mnunuzi ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na huduma anayoilipia. Mama alizitafuta habari hizo kwa mdomo wake mwenyewe.

Nina shida moja, ndiyo sababu nimefungua uzi huu. Wiki iliyopita walibadilisha tangazo kwenye tovuti. Papa potwe ameondolewa na limeongezwa neno "kulingana na msimu", ambalo halikuwepo nilipolipa. Karatasi niliyopewa ofisini ina ratiba tu, haina picha. Kama ulikuwa kwenye meli hiyo, au ulilihifadhi lile tangazo kwenye simu kati ya Februari na Juni, hata kama ni picha ya skrini yenye ukungu, niandikie faragha. Mzee mmoja wa Nakuru aliyekuwa chumba cha jirani na chetu alisema mkewe alilituma kwa wanawe kwenye WhatsApp. Baba, kama unasoma hapa au mwanao anasoma, nakuomba sana. Nawasilisha Jumatatu asubuhi.