Mjadala: Jinzi ya Lesotho ipitie Marekani ndipo ifike Manzese, hadi lini?

Wadau, habari za majukumu. Nauza jinzi za mtumba Manzese, huu mwaka wa tisa, na kuna jambo limenikaa moyoni. Nalileta tulijadili.

Wiki iliyopita nilifungua belo. Kila suruali naigeuza kiunoni kwanza: zipu, mshono, lebo. Hapo ndipo najua hii ni ya elfu ishirini au ya kwenda kwenye fungu. Nikakuta Levi's moja, bluu imekolea, magoti mazima, na lebo yake inasema imeshonwa Lesotho. Mteja wangu mmoja, mwalimu, akaisoma akanirudishia: "Kaka, hii feki. Lesotho wana kiwanda gani?"

Wanavyo. Lesotho ina watu milioni mbili na ushee, imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, na kwa eneo haifikii hata nusu ya mkoa wa Tabora. Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, iliyoruhusu nguo za Afrika kuingia kwao bila ushuru, wawekezaji wa Taiwan wakaongeza viwanda Maseru, mji mkuu wa Lesotho. Mwaka 2004 kikafunguliwa na kiwanda cha kufuma kitambaa chenyewe cha jinzi. Levi's na Wrangler zimeshonwa pale, na wengi wanaokaa kwenye zile cherehani ni kina mama.

Tarehe 2 Aprili 2025 Trump akaitangazia Lesotho ushuru wa asilimia 50, mkubwa kuliko wa nchi nyingine yoyote siku ile. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: chukua pengo la biashara, gawanya kwa kile Marekani inachonunua kutoka kwako, kisha kata nusu. Msotho anauza jinzi na almasi, lakini hana uwezo wa kununua magari na mitambo ya Marekani, kwa hiyo pengo lake likaonekana kubwa mno. Aliadhibiwa kwa umaskini wake. Ushuru ulisimamishwa, ukaja kushushwa hadi asilimia 15 mwezi Agosti, lakini oda zilikuwa zimeshakatwa na watu wamerudishwa nyumbani. Julai serikali yao ilitangaza hali ya maafa kwa sababu ya vijana kukosa ajira.

Pale kijiweni wengi wanasema Wasotho walijitakia, eti walishona nguo za watu badala ya kujenga chapa yao. Nawapinga kwa moyo wote. Mama aliyesomesha watoto kwa cherehani ya kiwandani hakukosea kitu. Maovu yalikuwepo, siyafichi: mwaka 2019 ilifichuka kwamba wasimamizi katika viwanda vya Nien Hsing, kampuni ya Taiwan inayoshona jinzi huko, walikuwa wakiwalazimisha wanawake ngono ili wabaki kazini, hadi Levi's na wenzake wakatia saini makubaliano na vyama vya wafanyakazi na vya wanawake. Lakini dawa ya maovu hayo ni ulinzi kazini. Kumnyang'anya yule mama cherehani hakumsaidii.

Kosa mimi naliona kwetu, majirani. Tanzania na Lesotho zote zimo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Kanuni za SADC zinataka nguo ipite hatua mbili ndani ya ukanda, kitambaa kifumwe humu na nguo ishonwe humu, ndipo isamehewe ushuru. AGOA haikuzibana nchi maskini hivyo. Hata kitambaa cha China kilikubalika. Kwa hiyo suruali ya Maseru iliyoshonwa kwa kitambaa cha China iliingia New York bila ushuru, na ileile ingekuja Dar es Salaam ingelipa kama mgeni. Tangu Julai 2022 ushuru wetu wa Afrika Mashariki kwa nguo mpya za nje ni asilimia 35. Mmarekani akaivaa, akaichoka, ndipo ikatufikia ndani ya belo.

Najua atakuja mtu na hoja ya kupiga marufuku mitumba kabisa. Rwanda walijaribu. Mwaka 2016 walipandisha ushuru wa mtumba kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikazitoa nguo zao kwenye AGOA. Sisi, Kenya na Uganda tulikuwa kwenye mpango huohuo, tukarudi nyuma. Nawaheshimu Wanyarwanda kwa msimamo wao, ila kufunga mlango wa mtumba bila kufungua wa jirani kunamwacha mnunuzi wa Manzese mtupu.

Ninachotaka mimi ni kanuni ya hatua mbili ilegezwe kwa nchi ndogo za ukanda wetu, na pamba ya Simiyu na Shinyanga, ambayo sehemu kubwa inaondoka nchini bila kufumwa, ipate njia ya kwenda kufumwa Maseru. Jinzi mpya ikija kwa elfu thelathini na tano, biashara yangu itayumba, hilo nalijua. Nitaiuza hiyo mpya.

Mwalimu aliichukua suruali yake kwa elfu kumi na nane. Sasa nawaomba mawakala wa forodha na yeyote aliyewahi kuleta nguo kutoka Maseru kwa cheti cha uasili cha SADC, kile kinachothibitisha nguo imetengenezwa ndani ya ukanda: mlikaa bandarini siku ngapi, na mlilipishwa nini?