Tupeane uzoefu: hoteli za mikutano na warsha mjini, zilizokutesa na zilizokuokoa

Karani wa Safari
Wakuu, habari za jioni. Toka saa tatu asubuhi niko na simu natafuta ukumbi Dodoma wa watu 45, wiki ya pili ya Juni. Hoteli ya saba imenijibu "tumejaa, jaribu Julai". Hapo nikaikumbuka warsha yangu ya kwanza kuratibu, mwaka 2018. Ukumbi niliuchagua kwa picha za simu. Kufika, nguzo tatu katikati. Waliokaa nyuma walimsikia mtoa mada bila kumwona. Meneja alinihakikishia unabeba watu 100. Kweli unabeba, viti vikipangwa safu safu vya kusikiliza hotuba. Mimi nilitaka meza kwa umbo la U, hata 40 hawakuenea. Leteni yenu kabla sijakubali proforma, ile ankara ya awali, ya mtu.

Mwana wa Makole
Hilo ni Bunge la bajeti, mkuu. Aprili mpaka mwisho wa Juni, wabunge, watu wa wizara na wa halmashauri wote wako huku. Vyumba vinashikwa mapema mno.

Pwani Bara
Hamishia Morogoro. Treni ya SGR ilianza Dar–Moro Juni 2024, watu wanafika kwa kama saa mbili.

Mama Ratiba
Pwani Bara usimpotoshe mwenzio. Watu 45 wanashuka na mabegi, kutoka stesheni hadi hotelini wanabebwa na nani? Mimi nilikodi Coaster mbili jioni ile ile, hela ya madaftari ikaishia humo.

Pwani Bara
Hoteli ukiiambia mapema inatuma gari. Hukuuliza.

Mama Ratiba
Niliuliza. Gari lilikuwa gereji.

Mhasibu wa Wilaya
Samahanini, nitaandika kirefu. Hili jambo limenikaa kooni.

Tulikuwa Dar, mafunzo ya siku tatu ya mfumo wa malipo, hoteli ya ghorofa nyingi, ukumbi ghorofa ya nne. Mwenzetu mmoja anatumia kitimwendo. Aliuliza mapema, akaambiwa lifti ipo. Siku ya kwanza ikapita salama. Siku ya pili, saa mbili na robo asubuhi, umeme ukakatika. Jenereta ikawaka, taa zikarudi, viyoyozi vikarudi, lifti haikurudi. Kumbe jenereta ile haikuunganishwa na lifti.

Wahudumu wanne wakambeba na kiti chake. Nilikuwa nyuma yao kwenye ngazi. Kila kona kiti kinagonga ukuta, naye kamshika mhudumu mmoja kola kwa mikono miwili. Shati alilolipiga pasi usiku likachomoka suruali, na hana mkono wa kulirudisha. Walipomtua mlangoni, mkufunzi akasema "karibu, tuko ukurasa wa kumi na mbili", akaendelea.

Chai ya saa nne hakugusa. Nikamwekea chupa ya maji, akairudisha kwangu kwa vidole viwili, taratibu. Akaniambia: "Dada, mlango wa choo cha huku juu kiti hakipiti. Jana nilipima kwa mkono." Alikaa toka asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni bila tone la maji, Dar es Salaam, mwezi wa Februari.

Siku ya tatu hakuja. Kwenye mahudhurio wakaandika "ana udhuru", na posho ya siku hiyo wakaikata.

Mwana wa Makole
Nimesoma mara mbili. Mpe pole sana.

Fundi Mitambo
Hapo kosa ni la mwandaaji. Hoteli inauza ukumbi, haijui nani anakuja.

Wakili wa Kata
Fundi, hapana. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayohudumia umma yafikike. Hoteli haihitaji kuambiwa nani anakuja ndipo ipanue mlango wa choo.

Fundi Mitambo
Sheria ipo, sawa. Lakini mwandaaji alikwenda kuona ukumbi? Angesema tu "zimeni umeme wa nje niione lifti". Mimi ndivyo ninavyofanya, wakinikatalia naondoka.

Mhasibu wa Wilaya
Wote wawili mna haki. Yeye ndiye aliyekaa na kiu.

Jirani Mwema
Kwa hiyo posho hakulipwa kabisa?

Mhasibu wa Wilaya
Hakulipwa.

Kijana wa Warsha
Tukishafika kwenye posho: lipeni watu mkononi, kila mtu ajitafutie pa kulala. Hizi za kulazwa na kulishwa hotelini mnatubana.

Mama Ratiba
Ndiyo maana siku ya pili mnaingia saa nne, mmoja katoka Tabata, mwingine Mbagala. Mimi nalaza watu hapo hapo.

Bi Mapishi
Karani, nenda saa nne uagize chai na sambusa. Sambusa ikija ya baridi, chakula cha mchana cha watu 45 kitakuwaje?

Fundi Mitambo
Sambusa haiwashi lifti, dada.

Bi Mapishi
Na lifti haishibishi. Aangalie vyote. Aulize pia ukumbi wa jirani una nini siku hizo. Ukuta ukiwa wa kukunja na upande wa pili wanajaribu spika za send-off, hakuna mada itakayosikika.

Wakili wa Kata
Proforma ikija kwa dola irudishe. Kanuni za Machi 2025 zimekataza huduma za ndani kutajwa bei kwa fedha za kigeni. Uliza kama VAT ya asilimia 18 imo kwenye bei ya kila kichwa, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uidai siku hiyo hiyo.

Karani wa Safari
Nimerudi. Bosi amekubali Julai. Kuna hoteli ina ukumbi chini kabisa, hauna ngazi. Nimemtuma dereva wetu wa Dodoma na futi kamba, mlango wa choo ni sentimita 71. Mhasibu, kiti cha mwenzako kina upana gani?

Mhasibu wa Wilaya
Nimempigia sasa hivi. Sentimita 66, ila anasukuma magurudumu kwa mikono, viwiko vinatoka nje. Anasema ikipungua 80 atajikwaruza. Ameuliza warsha yenyewe inahusu nini.