Mrejesho: bima ya karavani tunayoishi ndani yake

Ndugu zangu, niliuliza iwapo bima ya kawaida ya karavani, yaani nyumba ya magurudumu, ingetufaa mimi na mke wangu, tunaoishi ndani yake mwaka mzima huku Marekani. Haifai, kwa kuwa hiyo ni ya watu wa likizo. Tumekata ya wakazi wa kudumu, ambayo hulinda pia vyombo vyetu na kutubebea dhima mgeni akiteleza kwenye ngazi yetu. Makazi tumeyasajili katika jimbo la South Dakota.

Uvujaji wa paa wa polepole haulipwi, kwa hiyo hupanda juu mara kwa mara kukagua gundi inayozunguka matundu ya hewa, na juzi nilikuta ufa mwembamba kama uzi wa buibui. Tangi la choo silifungulii kumwaga uchafu hadi likaribie kujaa, jambo ambalo, nakiri, nilifundishwa na pua.