Gumzo la ukoo: makampuni yasamehewe ushuru?

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Jana kwenye mkutano wa mtaa kuna mzee kasimama, anataka manispaa iyasamehe makampuni ushuru wa huduma ili yafungue ofisi huku kwetu. Eti vijana tutapata ajira. Makofi hayo!

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Si jambo jema? Vyumba vyangu viwili havina mtu.

Zuhura: Shangazi na vyumba vyake 😂

Baba Mdogo (Oakland): Marahaba. Hayo nimeyaona hapa ng'ambo ya daraja, San Francisco. Jiji lilikuwa likitoza kampuni asilimia 1.5 ya mishahara. Twitter ikatishia kuhama. Mwaka 2011 Meya Ed Lee na madiwani wakapitisha msamaha: kampuni ikikaa Mid-Market au Tenderloin, mitaa ya hali ya chini katikati ya jiji, hailipii kodi hiyo mishahara ya waajiriwa wapya, hadi miaka sita.

Hamisi: Ikabaki?

Baba Mdogo (Oakland): Ikabaki. 2012 ikahamia Market Street, na nyingine zikafuata.

Shangazi Mwajuma: Basi ajira hizo!

Baba Mdogo (Oakland): Zilikuja dada, lakini nyingi za mainjinia. Mtu wa Tenderloin asiye na shule hakuitwa kuandika programu. Hata wenye migahawa waliokaa mkao wa kula walishangaa: Twitter ilikuwa na jiko lake, watu wakila humohumo bure.

Zuhura: Na kodi za nyumba?

Baba Mdogo (Oakland): Zilipaa mji mzima. Kuna sheria inaitwa Ellis, inamruhusu mwenye nyumba kuacha kabisa kupangisha, basi wapangaji wote nje. Mwishoni mwa 2013 watu waliokasirishwa na kodi hizo wakaanza kuyazuia barabarani mabasi ya wafanyakazi wa Google. Ila nisiubebeshe msamaha lawama zote. Kampuni za tekinolojia zilikuwa zikikua Bay Area nzima, yaani San Francisco na miji jirani, na nyumba mpya hazikutosha. Tenderloin yenyewe haikugeuka mtaa wa matajiri kama watu walivyohofia, maana majengo mengi pale yako mikononi mwa mashirika yasiyotafuta faida.

Hamisi: Kumbe kilichowaokoa ni nani anamiliki nyumba.

Baba Mdogo (Oakland): Hasa. Halafu cheka kidogo: 2012 wapiga kura wakaamua kodi hiyo ya mishahara iondolewe polepole, itozwe ya mapato ya biashara. Msamaha ukaisha 2019. 2022 Elon Musk akainunua Twitter, akapunguza karibu nusu ya wafanyakazi. 2024 ofisi ya pale ikafungwa.

Shangazi Mwajuma: Heee! Kubembelezwa kote kule?

Zuhura: Na hapa kwetu mwenye nyumba akisikia tu kampuni inakuja, anapandisha kabla hata bango halijasimama. Na miezi sita mbele anaitaka.

Shangazi Mwajuma: Usinisemee mimi Zuhura.

Hamisi: Jumamosi tunakutana tena. Nitauliza: ajira ngapi, za nani, na wasipoajiri ushuru wanaurudisha?

Baba Mdogo (Oakland): Uliza pia zahanati na mitaro vitalipiwa na nini miaka hiyo yote. Na majibu yaandikwe kwenye mkataba. Huku kampuni kubwa zilisaini makubaliano ya kuwasaidia majirani, na bado watu walilalamika kwamba ahadi ni nyepesi.

Shangazi Mwajuma: Uliza mwanangu, Mungu akutangulie. Ila yule mpangaji wangu wa uani usimtumie haya mazungumzo.